Mlango Namba Nne

Kaka yangu Tage alimpiga mdogo wetu Villads kwa kompyuta. Sitii chumvi. Aliinyanyua ile kompyuta ya zamani ya karakana, kasha zima la chuma na waya zake zikining'inia, akamrushia mgongoni. Kisa, Villads alisema hori za nguruwe zimekunjwa kombo, na aliyezikunja ni Tage. Villads akaanguka kifudifudi juu ya vipande vya bati, kompyuta ikatua kando yake na kupasuka. Alipoinuka shavu lilikuwa limechanika. Akaokota kipande cha bomba, na Tage akalipokea bomba hilo kwenye goti kabla sijafika.

Husemwa wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Aliyesema hivyo hakuniona mimi. Mimi ni Gunvor, mtoto wa katikati, mchomeleaji, nyasi ya kilo tisini, na siku ile nilikuwa na spana ndefu mkononi. Nilimgonga Tage begani na Villads kwenye kiwiko, kila mtu haki yake, wakaachana. Halafu tukakaa kunywa kahawa, kwa sababu saa ya kahawa ilikuwa imefika. Kwetu Jutland ya magharibi, huku Denmark, mtu anaweza kumwaga damu, lakini kahawa haiachwi ikapoa.

Ndivyo tulivyolelewa. Baba yetu, Anker, alikuwa na mkono mwepesi, na mkono huo ulizoea kumwangukia Villads, kitinda mimba. Baba alipochoka, Tage aliendeleza. Namkumbuka Tage akimzamisha Villads kichwa kwenye pipa la maji ya kupozea chuma, mtoto anarusha miguu, na baba amesimama mlangoni anawasha kiko chake taratibu. Nilimrukia Tage mgongoni nikamng'ata sikio. Alama anayo mpaka leo, na siioni haya. Baba alipokufa alituachia karakana sisi watatu, sawa kwa sawa, utadhani tulikuwa watu wa kugawana kitu.

Pamoja na karakana alituachia presi ya kukunjia chuma. Ni dude refu kuliko gari, lenye taya mbili: ya chini imetulia, ya juu inashuka na bati nene linakunjika kama karatasi. Presi za watu wengine huendeshwa kwa kanyagio la mguu. Ya kwetu baba aliing'oa kanyagio, akaunganisha kebo ya pini tisa kutoka kwenye kabati la presi hadi kwenye kompyuta, ili mtu aandike tu "shuka" na mashine ishuke, aandike "panda" ipande. Wakaguzi wa usalama kazini wangeiona wangetufungia milango siku hiyohiyo. Kwa hiyo baba aliweka sharti lake mwenyewe: yeyote anayetia mkono katikati ya taya kwanza azime presi, achomoe ufunguo, aubane kwa meno. Siyo mfukoni, siyo mezani. Kwa meno. Ukiwa na ufunguo mdomoni hakuna wa kuiwasha, na wewe mwenyewe huwezi kufungua kinywa ukaanza ugomvi. Baba alitujua.

Basi kompyuta ilikuwa imekufa na presi imekuwa bubu. Tage alimaliza kahawa yake, akamnyooshea Villads kidole.

"Umeiua mashine ya baba kwa mgongo wako."

"Kwa mgongo wangu? Nani aliyerusha?"

"Ungekwepa, ingeangukia matairi. Sasa sikiliza, bwana mdogo. Ijumaa, kabla ya mikate yetu ya asubuhi, nataka presi inakunja. Isipokunja, beba kisanduku chako cha spana uende zako. Ukigoma nitakuburuta kwa miguu, na kichwa kitahesabu ngazi zote."

"Kaka, hii ni karakana yangu vilevile."

"Njoo uichukue, basi."

Villads alikuwa hana kwingine. Alilala chumba cha juu ya stoo ya rangi, tangu utotoni, na hakuna kazi nyingine aliyowahi kuifanya. Lakini hilo silo lililoninyima raha. Nilichoogopa ni kwamba Tage akimtoa, hatamtoa mzima. Au Villads ndiye atakayekuwa na bomba refu zaidi siku hiyo. Ijumaa isipoleta presi inayotembea ingeleta maiti, na mimi ndiye ningebaki na mmoja kaburini na mwingine gerezani.

Villads akanunua laptopu mpya mjini Lemvig. Nzuri, nyembamba, na haina tundu la pini tisa. Miaka ile walikuwa wameacha kuyaweka. Ikabidi aagize adapta: upande mmoja ulimi wa USB, upande wa pili kichwa cha pini tisa, katikati waya mwembamba kama mkia wa nguruwe. Ilipofika Alhamisi Tage aliishika kwa vidole viwili.

"Hiki ndicho kitaendesha tani mia?"

"Hakiendeshi. Kinatafsiri tu."

"Kinatafsiri," Tage akaniambia mimi. "Umemsikia? Tumemwajiri mkalimani." Akaitupa sakafuni. Villads aliinama kuiokota na Tage akamsukuma kwa buti matakoni, akatua kwa mikono kwenye chenga za chuma. Nilirusha chombo cha kahawa kikampiga Tage kifuani, kikiwa na kahawa. Akaondoka akitukana ukoo mzima, akasahau kwamba ni wake.

Villads alijichomoa chenga viganjani kwa koleo, halafu akaanza kazi, na mimi nikakaa naye, kwa kulinda zaidi kuliko kusaidia. Kwanza alisakinisha programu ya kuitambulisha adapta, ndipo akaichomeka, maana ukitanguliza kuchomeka kompyuta huichukua kwa jina lolote inalojitungia na kuibadilisha ni kazi. Kompyuta ikalia kidogo, ikaipa adapta mlango. Milango hiyo huioni kwa macho, ni namba tu, na hii ilipewa namba kumi na moja. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Programu ya presi ilikuwa ya zama za baba, na inajua milango minne tu duniani, wa kwanza mpaka wa nne.

"Ni kama mtu wa posta wa zamani," alisema. "Nyumba zilizojengwa juzi hazijui."

Akafungua orodha ya vifaa, akaingia ndani ya mipangilio, akaifuta kumi na moja na kuweka nne. Halafu akaweka kasi ya maneno, elfu tisa na mia sita, ambayo baba alikuwa ameikwangua kwa msumari kwenye mlango wa kabati. Mwisho akaweka tiki kwenye kisanduku kimoja ambacho nilimuuliza ni cha nini.

"Cha adabu," alisema. "Kompyuta haisemi mpaka presi iseme 'niko tayari'. Isiposema, neno linangoja."

"Linangoja wapi?"

"Kwenye foleni. Ukiandika mengine yanajipanga nyuma yake. Mashine hizi zina malezi kuliko sisi, dada."

Tukacheka wawili, na kwa kitambo nikaamini Ijumaa itapita salama.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kebo ya baba ina nati ndogo pembeni za kichwa chake, na adapta nayo ina nati zake palepale, kwa hiyo hazikubali kufungana kwa skrubu. Nati zikigongana, vichwa vinashikana nusunusu tu. Villads alivisukuma, akavifunga kwa utepe wa gundi, akaviacha vikining'inia ubavuni mwa kabati la presi, pale waya ulipofikia.

Ijumaa asubuhi upepo wa bahari ulikuwa unapiga mabati ya paa. Nilipanga mikate ya duara mezani, siagi, jibini, na ile chupa ya pombe chungu tunayoionja Ijumaa. Villads alikuwa kwenye benchi tangu alfajiri. Amewasha presi, pampu inanguruma, na anaandika "shuka". Kimya. Anaandika tena. Kimya. Alibadilisha kasi, akairudisha. Aliandika "shuka" kila mara kwa kidole kizito zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa ndugu ambaye anajua yumo ndani. Jasho lilikuwa linamtiririka na mpasuko wa shavu ulikuwa umefunguka.

"Acha kwanza," nilimwambia. "Kula mkate."

"Nikila kabla haijatembea nitautapika."

Tage akaingia. Alitazama mikate, akatazama presi, akafurahi. Naijua furaha yake, huanzia mabegani. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akachukua tambara.

"Bado imelala? Basi niifute uso kabla ya mazishi." Akatia mkono wa kulia katikati ya taya, mpaka kifundo, akaanza kufuta mafuta kwenye ukingo wa chini. Ufunguo ulikuwa kwenye swichi na taa ya kijani inawaka.

Villads aliinuka. "Toa mkono. Au zima, ubane ufunguo."

"Nikibana ufunguo nitakutukana kwa nini? Kwa pua?"

"Tage, sifanyi mzaha. Toa mkono!"

"Maiti haiumi. Kisanduku chako kiko wapi? Nimekwambia kabla ya mikate, na mikate hiyo hapo." Ndipo akaona vile vichwa viwili ubavuni mwa kabati, gundi imelegea, kimoja kimechomoka nusu. Akapiga kicheko. "Ebu tazama, Gunvor! Haijaingia hata! Siku mbili anatafsiri, na haijaingia!"

"Usiguse!" Villads alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata kwenye pipa. "Kuna foleni!"

Tage alishindilia kwa kiganja cha kushoto. Kichwa kikaingia. Presi ikasema iko tayari, na maneno ya asubuhi yakaanza kupita.

Taya ya juu ilishuka bila haraka. Hilo ndilo sikulitegemea, kwamba ingemkamata bila haraka. Tage aliuvuta mkono na ukakwama kwenye tambara, kisha ukakwama kabisa. Ulisikika mlio kama wa mtu anayekanyaga konokono, mmoja, halafu mwingine. Nilirukia kitufe chekundu na kukipiga kwa ngumi. Pampu ikazima, taya ikasimama, na vidole vya Tage vikabaki ndani.

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika. Magoti yalimwishia, akaning'inia kwa mkono wake mwenyewe, na hapo alipiga kelele upya. Damu ilitoka kidogo kuliko nilivyodhani, nyembamba, ikifuata ukingo wa taya. Nilimkumbatia kiunoni kumwinua.

"Washa!" alinifokea. "Washa pampu, ipandishe, mbwa nyie!"

Nikanyoosha mkono kwenye kitufe. Villads akanipiga mkono kwa nguvu zake zote. Katika maisha yetu hakuwahi kunipiga mimi.

"Ukiwasha inamaliza foleni! Kuna 'shuka' nyingine zimebaki. Itamkata!"

"Sasa tufanye nini?"

"Niifute. Mshike asianguke."

Alirudi benchini mbio, akaichomoa adapta kwenye laptopu, akaifunga programu ili isahau kila kitu. Tage alikuwa anamtazama. Mwenzangu, hata akiwa amebanwa kama panya, Tage ni Tage: aliokota kwa mkono wa kushoto bolti kubwa iliyokuwa juu ya kabati, akairusha. Ilimpata Villads juu ya jicho.

"Umefanya makusudi! Nitakuua! Nikitoka hapa nitakuua!"

Nilimpiga kofi la mdomo. Nilimpiga nikiwa nimemkumbatia, nikilia, na nikampiga tena. "Anakutoa wewe! Nyamaza akutoe!"

Damu ilikuwa inamdondoka kwenye vitufe, akaifuta kwa mkono wa shati na kuichomeka adapta tena. Ila kwa haraka ile aliichomeka tundu la upande wa pili, na kompyuta hizi ukibadilisha tundu zinadhani umeleta kifaa kingine kabisa. Ikaipa namba kumi na mbili. Programu ikaanza kuongea na mlango wa nne, na mlango wa nne ulikuwa mtupu.

"Imehama," alisema. "Imehama, imehama." Akafungua orodha. Akaifuta kumi na mbili, akaweka nne. Kompyuta ikamuuliza, mlango wa nne una mwenyewe, una uhakika? Niliona akibonyeza ndiyo. Tage alikuwa ameacha kutukana. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga, na alianza kuita, kwa sauti ndogo, siyo jina la mama wala la Mungu. Aliita "Villads." Alimwita kama anavyoitwa mtu wa chumba cha pili.

"Sasa," Villads alisema. "Washa pampu."

Nikakivuta kitufe chekundu, nikawasha. Pampu ikanguruma. Taya haikusogea. Kidole cha Villads kilikuwa juu ya kitufe na yeye alikuwa ameinua macho anamtazama Tage, na Tage anamtazama yeye. Nilidhani bado anatafuta kitu, au kompyuta imegoma tena.

"Villads!" nilipiga kelele. "Villads, mungu wangu!"

Akabonyeza. Taya ikapanda, laini kabisa, na Tage akaniangukia mikononi na kile kilichobaki cha mkono wake. Presi ilikuwa inafanya kazi kama siku za baba.

Hospitalini walimkata vidole vitatu na kuokoa kidole gumba na cha shahada. Jumapili akaja mwanamke wa ukaguzi wa usalama kazini, mpole, anaandika polepole. Aliketi kando ya kitanda. Mimi nilikuwa dirishani, Villads mlangoni na nyuzi juu ya jicho. Yule mama aliuliza swali ambalo sote tulilingoja: je, kulikuwa na ugomvi, na je, kuna mtu aliyeiendesha mashine kwa kusudi?

Nilimtazama Tage, nikajua kwamba maisha ya Villads yako kwenye ulimi ule ambao haujawahi kumsema kwa jema.

"Nilisukuma mwenyewe," Tage alisema. "Ufunguo niliuacha kwenye swichi. Aliniambia nitoe mkono, sikutoa. Halafu ndiye aliyenitoa." Akamgeukia yule mama. "Andika hivyo. Mdogo wangu ndiye aliyenitoa."

Yule mama akaandika, akatupa pole, akasema presi itafungwa mpaka iwekewe kanyagio, akaenda. Nilikaa kitini. Nilitaka kucheka. Miaka yote ile nimekuwa nikiwatenganisha kwa spana, na vidole vitatu vimefanya kazi niliyoshindwa.

"Jumatatu uje kazini," Tage alimwambia Villads. "Chumba ni chako, benchi ni lako. Sikugusi tena. Haya."

Villads alifunga mlango, akabaki ndani, mgongo ukiuegemea.

"Mlango wa nne ulikuwa umeshafunguka," alisema.

"Nini?"

"Ulipokuwa unaniita. Kila kitu kilikuwa tayari, nibonyeze tu. Sikubonyeza. Nilikuangalia kwanza."

Tage hakushtuka hata kidogo. Alijisogeza kwenye mto, akauweka vizuri ule mkono uliofungwa kama mtoto mchanga, na nikaona mabegani mwake ile furaha ninayoijua.

"Najua," alisema. "Nilikuona. Ningekuwa mimi, nisingebonyeza kabisa." Akacheka, kicheko cha kirafiki, cha kwanza alichowahi kumpa. "Njoo hapa, mpuuzi wewe. Miaka yote nilidhani umeokotwa. Kumbe nawe ni mtoto wa Anker!"

Akamnyooshea mkono wa kushoto. Aliunyoosha kwa moyo mweupe, naapa, na aliungoja uchukuliwe.

Villads aliutazama ule mkono bila kuuchukua. Alichosema alikisema polepole, kama mtu asiyetaka kuumiza.

"Nilisikia raha, Tage. Ulikuwa unalia, na mimi nilikuwa nasikia raha. Siji Jumatatu."

"We! Nimeshasema mbele ya serikali! Hakuna anayekufukuza!"

"Najua hakuna."

Akatoka. Tage alimwita mpaka muuguzi akaja, kwanza kwa jina, halafu kwa matusi, halafu kwa jina tena. Nilimkuta Villads nje, kwenye kituo cha basi, upande wa magari yanayokwenda Aalborg, ambako hatujui mtu. Koti lake lilikuwa bado na damu ya Ijumaa na watu walikuwa wamesimama mbali naye. Mimi niliyepigana tangu utotoni ili wale wawili wabaki chini ya paa moja sikumwambia arudi. Nilimvulia koti langu, nikavaa lake, nikakaa naye mpaka basi likaja.